Eliya Alilala Kwanza

Mwaka jana mimi pasta wenu nilienda kwa mshauri nasaha. Nilikaa nje dakika kumi nikiogopa mshirika ataniona. Swali moja lilinisumbua: nikitafuta msaada kwa mwanadamu, je, nimekosa imani?

Soma 1 Wafalme 19. Muda mfupi baada ya moto kushuka Karmeli, Eliya aliomba kufa. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na chakula na maji. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu, na hata huko Mungu alianza kwa kumuuliza na kumsikiliza.

Mshauri naye huanza hivyo. Unalala? Unakula? Ilianza lini? Unataka nini kibadilike? Atakuambia siri yako inalindwa, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Ni kama saa moja hivi, na unaweza kutoka umechoka kuliko ulivyoingia. Nilisomea biashara: siku ya kufungua vitabu vya hesabu si siku ya kuona faida. Rudi tena. Msiposikizana, tafuta mwingine. Hiyo si dhambi.

Maombi hatuachi. Lakini mgonjwa wa sukari tunamwambia aombe na ameze dawa. Mbona mwenye huzuni tunamwambia aombe tu?

Na kama umefika pale Eliya alipofika, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, uende hospitali. Tutakusindikiza.