Yai la Mchangiaji na Ukoo wa Mama

Hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, kuchangia yai ni swali zito, kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mchangiaji hudungwa sindano za homoni kwa takriban siku 10, hupimwa damu na kupigwa ultrasaundi, kisha mayai huvutwa kwa sindano akiwa amepewa dawa ya usingizi. Mara chache ovari huvimba vibaya hadi mchangiaji alazwe. Lakini mtoto ni wa ukoo gani? Nashikilia kwamba ni wa aliyembeba na kumzaa, maana ukoo ni malezi, ardhi na wajibu, navyo havimo ndani ya yai.

Kanisa Katoliki, katika waraka wa Donum Vitae wa 1987, linakataa uchangiaji huo kwa kuwa mtu wa tatu anaingizwa katika ndoa. Wanazuoni wengi wa Kisunni nao wanahofia nasaba kuchanganyika. Hofu hiyo ya pili naiheshimu sana. Ila kinachoivuruga nasaba ni siri, kwani ndugu wawili wanaweza kuoana bila kujua. Ndiyo maana mchangiaji anapaswa kukubali, kabla ya sindano ya kwanza, kwamba mtoto akikua ataruhusiwa kumjua.