Mpeni Mtoto Ukweli wa Mwili Wake



Tarehe 29 Septemba Kanisa linaadhimisha sikukuu ya Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Ndiyo majira ambayo vijana wetu waliopata vyuo Uingereza na Ujerumani wanafunga mizigo, maana masomo huko huanza Septemba na Oktoba. Baada ya Misa mzazi hunijia na kusema, "Baba, mtoto anaondoka, mwombee." Namwombea kwa moyo wote. Leo nawaomba tutazame kinachopaswa kuandamana na sala hiyo, na tuanzie katika Kitabu cha Tobiti.

Mzee Tobiti aliishi uhamishoni Ninawi, naye alikuwa amepofuka. Alipotaka kumtuma mwanawe Tobia nchi ya Media kufuata fedha aliyoiweka amana, alimweleza habari yote ya fedha hiyo, akampa hati yake, akamwagiza atafute mwenzi anayeijua njia. Mwenzi aliyepatikana ni Rafaeli. Walipofika mto Tigri, samaki mkubwa alimrukia kijana. Rafaeli akamwambia amkamate, ampasue, atoe nyongo, moyo na ini, avihifadhi, kwa kuwa ni dawa. Siku ile Tobia hakuwa mgonjwa. Alibeba dawa kwa ajili ya shida zilizokuwa bado mbele yake, na aliyemwagiza abebe ni malaika wa Mungu. Basi tusikubali kuambiwa kwamba kujiandaa ni upungufu wa imani.

Sasa tulifungue begi la kijana wetu. Mama amelipima na kulipima tena lisizidi kilo: unga, dagaa, mchele wa Kyela, sweta mbili za mtumba. Vyote hivyo ni upendo. Lakini kijana huyu alizaliwa na selimundu, na nyumbani ugonjwa huo hautajwi mbele ya watu. Siku ya kuaga, shangazi anamnong'oneza, "Huko usiwaambie, watakurudisha." Anaondoka na vidonge vya mwezi mmoja ndani ya kibahasha cha kaki kilichoandikwa 1x1, bila jina la dawa, bila barua ya daktari. Desemba ikifika, London jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Baridi inakaza, maji hayanyweki, na usiku mmoja maumivu ya mifupa yanamshika. Wenzake bwenini wanamwona akigaagaa, gari la wagonjwa linaitwa, na anayeulizwa "ana ugonjwa gani?" hana la kujibu. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Wapendwa, hofu ya shangazi ni ya upendo, ila haina msingi. Mtanzania anayeomba viza ya kusoma Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hudaiwa kipimo cha kifua kikuu. Hadaiwi kipimo cha selimundu, wala pumu, wala kifafa. Pamoja na viza hulipia huduma ya afya, paundi 776 kwa kila mwaka, na akishalipa ana haki ya kutibiwa. Kinachobaki ni kujiandikisha kwa daktari wa mtaa anaoishi, tena wiki za mwanzo, akiwa bado mzima. Mwenye VVU hutibiwa huko bila malipo, na siri yake hulindwa. Ujerumani nako chuo hakimsajili mwanafunzi asiye na bima ya afya. Nchi nyingine zina masharti yao. Ulizeni kabla ya kukata tiketi.

Ninyi vijana, anzeni miezi mitatu kabla ya safari. Nendeni hospitali mnakotibiwa, mwombe barua ya daktari kwa Kiingereza yenye jina la ugonjwa, jina halisi la dawa na kiasi mnachotumia, na dawa zinazowadhuru. Dawa zikae katika pakiti zake, kwenye mkoba wa mkononi. Dawa kali za maumivu, kama tramadol, huweza kumtia mtu matatani hata katika nchi anayopitia tu, kwa hiyo ulizeni kwanza. Tafuteni kadi za chanjo. Wengi wenu mmechanjwa surua na rubela, lakini chanjo ya matumbwitumbwi haimo katika ratiba yetu ya taifa, na vyuo vingi vya Marekani huzidai zote tatu.

Jambo moja zaidi lishikeni sana. Ukipata homa katika wiki au miezi ya kwanza ugenini, mwambie daktari mapema: "Nimetoka nchi yenye malaria, naomba nipimwe." Daktari wa nchi ya baridi anaweza kudhani ni mafua, na malaria haingoji. Na ukirudi likizo baada ya miaka, lala ndani ya chandarua, kwa kuwa kinga uliyokuwa nayo itakuwa imepungua.

Wazazi, iko kazi ambayo hospitali haiwezi kuwafanyia. Daktari wa huko atamuuliza kijana, "Kwenu kuna kisukari? Shinikizo la damu? Kuna aliyewahi kuugua akili?" Atajibu nini, ikiwa tangu utotoni ameambiwa kwamba babu "alianguka tu" na mama mdogo "alirogwa"? Wiki hii kaeni naye, mlango ukiwa umefungwa, mmwambie ukweli. Mwambieni babu aliugua nini. Mwambieni kilichompata mama mdogo. Mwambieni pia kwamba upweke ukimlemea, akakosa usingizi na hamu ya kula, kwenda kwa mshauri nasaha wa chuo si aibu kwa ukoo, na kwamba akipiga simu kusema "naumwa", hatalaumiwa.

Kisha mleteni kanisani, nami nitamwekea mikono.

Tuombe. Ee Mungu uliyemuumba mwanadamu mwili na roho, utupe sisi wazazi na wachungaji ujasiri wa kusema kweli mbele ya watoto wetu. Uwajalie wanaosafiri hekima ya kujitunza na madaktari wenye huruma. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.