Juu ya Kukausha Taratibu

Swali ninalotaka kulijadili linamhusu kila mtu aliyewahi kupewa amana, ingawa nitalitazama kupitia kitu ambacho huenda wasomaji wengi hawajawahi kukimiliki: kasha la kuhifadhia sigaa. Tukiona amana tuliyoachiwa imeanza kuharibika, tunawajibika kuirekebisha kwa kasi gani? Kwa kasi ya wasiwasi wetu, au kwa kasi inayovumiliwa na kitu chenyewe?

Kasha ninalolijua ni la jamaa yangu mmoja aishiye Geneva, ambaye kila asafiripo huniachia funguo. Sigaa ni majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa, na jani la tumbaku hunywa maji ya hewani na kuyarudisha. Nyumba za huko hukauka mno majira ya baridi kwa sababu ya vipasha joto, hivyo wenye sigaa huziweka katika kasha lenye kifuniko kinachobana, pamoja na sifongo yenye maji na kipima unyevu. Wengi hulenga asilimia 65 hadi 70, maana yake hewa iwe na sehemu zipatazo 70 katika kila 100 za mvuke ambao ingeweza kuubeba kwa joto lile. Mbao zake aghalabu ni za Cedrela odorata, mti wa Amerika ambao kwetu Tanzania umepandwa na kuitwa mwerezi, ijapokuwa kwa ukoo ni ndugu wa mkangazi. (Katika baadhi ya misitu yetu umekuwa mgeni asiyetaka kuondoka, lakini hayo ni mengine.)

Tumbaku ina madhara, sibishi. Mtu anaweza kuuliza kuna wema gani katika kutunza kitu kinachongoja kuchomwa moto. Nakubali kwamba kitu chenyewe hakistahili sana. Hata hivyo amana ni amana, na aliyeniachia hakuniomba nimpimie thamani yake.

Basi tuseme mshale umefika 78. Hapo ukungu hupata nafasi, na chumba kikipata joto la kupita nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku huweza kuanguliwa. Mtu hushtuka. Hujaza ndani vile vifuko vya chembechembe vya kukaushia, kama vinavyokuja katika maboksi ya viatu, na jioni mshale umeshuka. Asubuhi akiviondoa, umepanda tena. Huongeza vingine, huku akilalamika kuwa kasha ni kaidi.

Kasha si kaidi. Hewa iliyomo katika kasha la lita 10, kwa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, ina maji kama gramu 0.12 tu, yaani matone mawili matatu. Sigaa 25 zilizomo humo zina makumi ya gramu za maji, na mbao nazo zina yake. Mshale unapima yale matone. Ukiyaondoa, mbao na majani huyarudisha polepole, na ndiyo yanayopaswa kukauka. Ukikazana, jani la nje, ambalo ni jembamba, hukauka na kusinyaa kwanza wakati tumbo la sigaa bado limevimba. Hupasuka, na halishoneki.

Dawa yake ni ya kuchosha. Kwanza hakikisha kipimo ni cha kweli: tia chumvi katika kifuniko cha chupa, iloweshe kwa matone machache ya maji iwe kama uji mzito, uifungie pamoja na kipimo katika mfuko usiopitisha hewa hadi kesho yake, kisome 75. Kisha toa sifongo. Kama hewa ya chumbani ni kavu kuliko ya ndani, funua kifuniko dakika chache kila siku. Zanzibar au Mombasa ushauri huo unaweza kukuponza, maana mara nyingi hewa ya nje ndiyo yenye maji zaidi. Halafu ngoja, pengine wiki kadhaa.

Nina rafiki muuguzi ambaye haipendi hoja hii. Husema subira mara nyingi ni jina zuri la uvivu, na amewaona waliongojeshwa wakazikwa. Ana haki. Ukungu wenyewe ukishatokea, ile sigaa hutolewa saa hiyo hiyo bila falsafa yoyote. Lakini nilimuuliza kuhusu mtu ambaye presha yake imekuwa juu kwa miaka na ambaye hana dalili ya hatari: je, humshusha kwa siku moja? Akacheka. La, alisema, ukimshusha ghafla unaweza kumletea kiharusi. Mimi nikaongeza kwamba mshale unaposhuka haraka, anayepata nafuu kwanza ni mtazamaji, na hilo lanitia shaka juu ya haraka yangu.

Akafikiri kidogo. Akasema kwamba hata hivyo wodini anayengoja hakai tu, hupima na kuandika, na daktari huuliza daftari.

Nikanunua daftari. Siku ya kwanza 78, ya tano 76, ya kumi na mbili 73. Jamaa yangu aliporudi ilikuwa 70. Alifungua kasha, akachukua sigaa moja, akaibinya kidogo kwa vidole, akairudisha mahali pake.