Tobiti Alihesabu Siku, Sisi Twahesabu Fedha



Mara nyingi twaulizwa swali hili na wazazi, na watu wa ndoa, na hata na vijana wenyewe: Je, yafaa Mkristu aende Uarabuni kutafuta kazi? Wengine huliuliza kwa hofu, maana wamesikia habari za mateso. Wengine huliuliza hali pasi ya kusafiria imekwisha kupatikana na nauli imelipwa, na wanachotaka kwetu ni baraka tu. Leo twapenda kuwajibu wote pamoja, wala si kwa haraka.

Kwanza twasema wazi: kutoka katika nchi yako na kwenda kutafuta riziki ya halali si dhambi. Familia Takatifu yenyewe ilikaa ugenini Misri. Baba Mtakatifu Pio XII, katika hati yake Exsul Familia ya mwaka 1952, aliiweka familia hiyo mbele ya macho ya wahamiaji wote iwe mfano wao na kinga yao. Basi asiwepo mtu wa kumcheka mama au kijana aliyevuka bahari ili wanawe au wadogo zake wapate chakula na shule.

Lakini jambo lisilo dhambi laweza hata hivyo kufanywa vibaya. Na kosa tuliloliona mara nyingi halianzii Muscat, wala Dubai, wala Riyadh. Laanzia hapa nyumbani, siku ya kuagana.

Tufungue Kitabu cha Tobiti. Tobiti alikuwa mtu mwema wa Ninawi, ambaye alipofuka macho akawa maskini, na mkewe Ana akawa anafuma nguo kwa ujira ili wapate kula. Ndipo Tobiti alipokumbuka kwamba alikuwa ameweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, katika mji wa mbali wa Media. Akaamua kumtuma Tobia, mwanawe wa pekee, akazilete. Tazameni jinsi alivyomtuma. Alimpa hati ya fedha ile. Alimtafutia mwenzi wa njia, akamwuliza ukoo wake na tabia yake, wakapatana ujira wa kila siku; wala hakujua kwamba yule mwenzi ni Malaika Mkuu Rafaeli. Hata hivyo Ana alilia, akamlaumu mumewe: tuliyokuwa nayo yalitutosha, kwa nini fedha iwe na thamani kupita mtoto wetu?

Tangu siku hiyo wazee wale wawili walifanya kazi moja. Tobiti alihesabu siku: siku za kwenda ngapi, siku za kurudi ngapi. Ana alitoka kila siku akaitazama ile njia mwanawe aliyoipita. Naye Tobia, alipotakiwa na mkwewe akae zaidi kule ugenini, alikataa, kwa sababu alijua kwamba babaye anahesabu siku. Wapenzi wasomaji, neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Tobiti alihesabu siku. Je, sisi twahesabu nini?

Si zamani sana, baada ya Misa ya Dominika, mama mmoja wa parokia ya bara alitujia akiwa na daftari la shule lililochakaa. Alikuwa amerudi kutoka Muscat, alikokuwa mtumishi wa nyumbani. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, kwa mshahara wa riali 80 kwa mwezi. Nia yake aliijua vizuri, na mumewe aliijua: kujenga nyumba ya vyumba vitatu yenye bati, na kumsomesha mtoto wa kwanza sekondari. Kila mwezi alituma riali 70, akabakiza 10 kwa mahitaji yake. Upande mmoja wa daftari aliandika fedha aliyotuma. Upande wa pili alipiga mstari mmoja kwa kila siku iliyopita.

Miaka miwili ilipokwisha aliwapigia simu kwamba anarudi. Akajibiwa avumilie kidogo. Kulikuwa na msiba wa mjomba. Kisha mdogo wake alihitaji pikipiki ya biashara. Kisha mahari. Kisha ada za watoto wa kaka yake. Mwaka mmoja tu, walisema. Na mwaka huo ulizaa mwingine, hata ikatimia miaka mitano. Jumla ya upande wa fedha ilikuwa riali 4,200. Alipofika nyumbani, nyumba ilikuwa imekomea kwenye linta, na majani yameota ndani yake. Mtoto wake wa mwisho, aliyemwacha ana miaka miwili, alimwita bibi yake mama, na yeye akamwita shangazi.

Tulimwuliza kama fedha yake iliibwa. Akasema, hapana, Padri. Kila shilingi ilikuwa na sababu yake. Bali hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nitamaliza lini.

Tukae kidogo na jibu hilo, maana twaona ndani yake shida ya nyumba nyingi. Ni rahisi kumlaumu mwajiri wa mbali. Na lawama nyingine ni za haki kabisa. Katika nchi za Ghuba umekuwapo utaratibu uitwao kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mdhamini wake: ukaaji wake nchini hutegemea mwajiri, na akimkimbia mwajiri mbaya aweza kuhesabiwa mkosaji. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya Watanzania watumishi wa nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu, nayo ilisimulia pasi zilizoshikwa, mishahara isiyolipwa, kazi bila mapumziko, na mapigo. Mabadiliko yamekuwapo. Kuwait ilitunga sheria ya watumishi wa nyumbani mwaka 2015. Qatar, tangu Machi 2021, imeweka kima cha chini cha riali 1,000 za nchi hiyo kwa mwezi, hata kwa watumishi hao. Lakini mabadiliko yaliyofanywa na Saudia mwaka huohuo wa 2021 hayakuwagusa watumishi wa nyumbani. Kwa hiyo mwenye kwenda na aende macho yamefumbuliwa.

Haki yatutaka tuseme pia upande wa pili. Mama yule hakuteswa. Alichoka, ndiyo: aliamka kabla ya alfajiri, na katika mwezi wa Ramadhani alipika futari na daku, akalala saa mbili tu. Lakini katika nyumba ile alikuwamo bibi mzee, mzaliwa wa Unguja, aliyesema naye Kiswahili, akamwita mwanangu. Na siku ya kuagana walilia wote wawili. Mwislamu yule mcha Mungu alimtazama kwa jicho la utu. Tusiwe watu wa kuhukumu taifa zima kwa sababu ya waovu wake.

Wala msidhani kwamba kule Kanisa halipo. Wako maaskofu, mapadri na waamini wengi, karibu wote wageni waliofuata kazi, hasa Wahindi na Wafilipino. Baba Mtakatifu Fransisko alipoadhimisha Misa Abu Dhabi tarehe 5 Februari 2019, akiwa Papa wa kwanza kufika Rasi ya Arabuni, uwanja ulijaa watu wa namna hiyo. Muscat, katika mtaa wa Ruwi, lipo kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, ambamo Misa husaliwa pia siku ya Ijumaa, kwa kuwa Dominika kule ni siku ya kazi. Mama yule hakupata ruhusa ya kutoka hata mwaka wa tatu, na baadaye Ijumaa moja tu kwa mwezi. Siku nyingine alisali Rozari kwa vidole vyake akipiga pasi nguo. Twaamini kwamba Bikira Maria, aliyefua na kupika ugenini Misri, alizipokea Rozari hizo.

Basi yatupasa tufanye nini? Tutajifunza mambo matatu kwa Tobiti.

La kwanza ni hati. Asiondoke mtu kwa ahadi ya maneno ya mtu aliyekutana naye stendi. Na apite kwa wakala aliyesajiliwa na serikali. Na ausome mkataba, au asomewe kwa lugha anayoielewa. Na nakala yake, pamoja na nakala ya pasi na jina na anwani ya mwajiri, zibaki nyumbani mahali salama. Na aijue namba ya simu ya ubalozi wetu katika nchi aendako. Binti asiyejulikana aliko hana wa kumtetea.

La pili ni mwenzi. Rafaeli hatuwezi kumwona kwa macho, lakini kila mmoja wetu aweza kuwa mwenzi wa njia. Anayeondoka amwage paroko wake, aungame, apokee Ekaristi Takatifu. Mume na mke wapatane mbele ya Mungu, kabla ya safari, jinsi watakavyoulinda uaminifu wa ndoa; na wakiona kwamba hawataweza, wasidanganyane, bali safari ivunjwe na ndoa ibaki. Watoto waambiwe kila jioni jina la mama yao, waonyeshwe picha yake, wamwombee kwa jina hilo. Na simu ya nyumbani isiwe ya madeni tu. Kuna watu wanaoogopa kupokea simu ya ndugu zao wenyewe, kwa kuwa wajua tangu mlio wa kwanza kwamba yatakwamo maombi ya fedha.

La tatu, na hili ndilo kubwa, ni siku. Nia ya safari iandikwe kabla ya kuondoka: kitu gani, kwa fedha kiasi gani, hata mwezi gani wa mwaka gani. Iandikwe na wote wawili, anayekwenda na anayebaki. Fedha ya nia hiyo itengwe mahali pake, isichanganywe na ya ugali wa kila siku, na mwenye kuitunza atoe hesabu kila mwezi. Wenye nguvu waliobaki nao wafanye kazi, maana si haki mtu mmoja atoke jasho jikoni Muscat ili vijana wanne wakae kivulini. Dharura zitakuja, lakini si kila harusi ni dharura. Na nia ikitimia, arudi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Safari isiyowekewa marejeo ni uhamisho, ijapokuwa kila mwezi inaleta riali.

Tunajua wapo watakaosema: Padri, ninyi hamna watoto wanaolia njaa. Ni kweli kwamba umaskini hausubiri daftari. Wengine watalazimika kuongeza mwaka, na Mungu aijua shida yao. Hatuwawekei mzigo hao. Twasema na sisi tuliobaki, ambao kwetu fedha imekwisha kuwa mazoea, na jasho lake hatulioni.

Tena kuna neno moja ambalo hatuwezi kuliacha, ijapokuwa litachoma. Twalia juu ya waajiri wa Uarabuni. Je, dada wa kazi aliye nyumbani mwetu hali yake ni ipi? Analipwa kila mwezi, au twamwambia mshahara wake tunamtunzia? Anakwenda Misa ya Dominika, au sisi twakwenda na kumwachia mtoto na sufuria? Tobiti alimwusia mwanawe asiuache ujira wa mfanyakazi ulale kwake hata usiku mmoja. Mwaka 2011, huko Geneva, mataifa yalipitisha Mkataba namba 189 juu ya kazi ya heshima kwa watumishi wa nyumbani. Mungu alikuwa ameupitisha zamani, katika Torati. Tukimnyima haki yake yule aliye jikoni kwetu, tutamlilia Mungu kwa uso gani juu ya binti yetu aliye jikoni kwa wengine?

Mwisho wa habari ya Tobia mwaujua. Ana, aliyekuwa akiitazama njia, ndiye aliyemwona kwanza, akakimbia, akamwangukia shingoni. Kisha Tobia akayapaka macho ya babaye dawa, naye Tobiti akaona. Kitu cha kwanza alichokiona baada ya miaka ya giza hakikuwa zile talanta za fedha. Ulikuwa uso wa mwanawe.

Twawaombeni basi, enyi familia zote za Kikatoliki mlio na mtu Uarabuni. Leo jioni, mkimaliza Rozari, mpigieni simu. Msimwulize atatuma lini. Mwulizeni amekula, amelala, amesali. Kisha mwulizeni atarudi lini, mkaiandike siku hiyo mahali ambapo watoto wataiona, mkaanze kuihesabu pamoja naye.

Malaika Mkuu Rafaeli awasindikize walio njiani, na Familia Takatifu iwarudishe salama wote walio mbali. Amina.