Mashavu Yale Yalinidanganya

Wanangu mnaolea sasa Kadutu, Bagira na Ibanda, nawaambia jambo lililonifika mimi mwenyewe.

Mwaka 1983 mtoto wangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na nusu, nami nina mimba nyingine. Nilimwachisha ziwa ghafla. Baada ya muda mashavu yakajaa, miguu ikanenepa, majirani wakanisifu kwamba najua kulea. Kumbe ilikuwa bwaki, utapiamlo unaovimbisha mwili. Bibi mmoja wa mtaani alimpakata, akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu hadi tatu, akaachia. Shimo likabaki palepale, kama umetia kidole kwenye bugali moto. "Mwanangu, huu si unono, ni maji," akaniambia.

Tulimpeleka Lwiro, ambako waganga waliotoka Ubelgiji walikuwa wakiichunguza na kuitibu bwaki kwa miaka mingi. Wangu alipona. Wa kitanda cha jirani tulimzika.

Na njaa hatukulala hata siku moja! Nilikuwa nauza sambaza. Kila asubuhi samaki walipita mlangoni kwangu kwenda sokoni, na mtoto nikimpa bugali na mchuzi wa sombe. Tumbo lake lilijaa, mwili ukakosa cha kujengea. Daktari Cicely Williams alipoandika habari za ugonjwa huu miaka ya 1930, alichukua jina kwashiorkor kwa akina mama wa Ghana: ni ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake anayekuja. Niliposikia maana hiyo nililia, kwa sababu ndiyo hadithi ya nyumba yangu.

Ninyi leo mnakwenda kupimisha kilo vizuri mpaka chanjo ya surua ya miezi tisa, halafu fishi ya kilo ya mtoto inawekwa chini ya godoro. Hapo ndipo ninapoogopa. Tangu miezi sita maziwa peke yake hayamtoshi tena, na kufikia miezi tisa mtoto anatambaa, anatia kila kitu mdomoni, anaharisha. Mstari wa kwenye fishi ukilala miezi miwili bila kupanda, mtoto amekwisha kuanza kurudi nyuma, hata kama anacheka na kucheza. Jicho la mama linamwona kila siku, kwa hiyo halioni anavyopungua. Kilo inaona.

Mwombeni muuguzi amzungushie utepe mkononi. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na nyekundu haingojei siku ya soko. Vitamini A apewe kila baada ya miezi sita. Kwenye uji tia sambaza wakavu waliotwangwa, karanga au soya. Kiganja kimoja utakachopunguza kwenye biashara hakitakufilisi.

Nanyi akina baba, msiseme "haumwi, anapelekwa kwa nini?" Apelekwe kwa sababu haumwi. Ukiweza, mbebe wewe, uusome mstari huo kwa macho yako.

Mimi nikisifiwa mjukuu kwamba amenona, nashukuru, kisha namvua soksi. Nanyi jioni hii, kabla hamjamfunika mtoto, mbonyezeni miguu yote miwili, mhesabu polepole hadi tatu.