Udhu na Maji ya Bluu

Nafundisha watoto fiqhi ya Kishafii hapa Dar es Salaam, na mlango wa maji ndio tunaokaa nao zaidi. Maji yakibadilika sana rangi, ladha au harufu kwa kitu kilicho twahara, kama zafarani, hubaki twahara lakini hayatwaharishi tena. Rangi ya kitambaa yenyewe si najisi. Basi maji ya bluu yatokayo kwenye bomba la kiwanda cha khanga hayafai kwa udhu, na hukumu imekwisha.

Hapo ndipo ninapokosa raha. Pamba hainywi rangi yote. Rangi zake nyingi huhitaji chumvi tele ili zishike, na kinachobaki humwagwa pamoja na soda kali na wanga uliopakwa nyuzi kabla ya kufumwa. Wanga huo huliwa na vijidudu, nao humaliza hewa ambayo samaki angeivuta. Sasa kiwanda kikiiua rangi kwa klorini, maji hutoka maangavu. Jicho linaridhika. Chumvi imo vilevile, na mwenye bustani ya mchicha bondeni ataimwagilia maji hayo.

Mlango wa maji haukuandikwa ulinde mchicha wa jirani. Hiyo ni kazi ya kanuni nyingine, ya kutodhuru, nayo haipimwi kwa jicho. Khanga ninayosalia, kwa mfano, ni twahara kwa kila kitabu. Je, atakayeulizwa kuhusu mchicha ni mwenye kiwanda peke yake? Mimi naona na sisi wanunuzi tutaulizwa.