Wimbo wa Zamani kwa Sauti ya Uzeeni

Mwimbaji aliyepata sifa akiwa kijana hufika umri ambao watu hawamwombi tena nyimbo mpya. Wanamwomba zile zile. Ndipo imekuwa desturi kwamba anazichukua nyimbo zake zilizovuma, anaziondolea ngoma nzito na vinanda vya umeme, anaketi kitini na gitaa kavu, anaalika vijana wawili watatu wenye majina waimbe naye, na kazi hiyo inatolewa kama kitu kipya. Wengi huipenda. Mimi pia huipenda, pengine kuliko ile ya kwanza. Lakini kuna swali linalonisumbua kila niisikiapo, nalo si swali la ladha. Mtu anapoimba leo maneno aliyoyatamka miaka thelathini iliyopita, je, anayasema? Na kama anayasema, anawajibika kwayo?

Watakuwapo watakaoona kwamba natafuta ugomvi na burudani. Wimbo ni wimbo, watasema, na mwigizaji hashitakiwi kwa kuua mtu jukwaani. Ni kweli, ila mwigizaji ametuambia tangu mwanzo kwamba yule muuaji si yeye. Mwimbaji wa mapenzi hatuambii hivyo. Anasimama kwa jina lake, anasema "mimi", nasi tulinunua kanda zake kwa sababu tuliamini kwamba huyo "mimi" ana damu mwilini.

Chukua mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1970 Mwingereza Eric Clapton, akiwa na kundi la Derek and the Dominos, alirekodi wimbo wa "Layla". Alikuwa amempenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison wa The Beatles, na wimbo ule ulikuwa kilio cha mtu aliyebanwa pabaya: magitaa yanapiga makelele, sauti inakaribia kukatika. Baadaye mama yule aliachana na Harrison, na mwaka 1979 akaolewa na Clapton. Ndoa hiyo nayo ikavunjika miaka ya 1980 ilipokuwa inaisha. Kisha, mwaka 1992, Clapton akaketi mbele ya kamera za televisheni ya MTV na gitaa lisilo la umeme, akauimba tena "Layla", polepole, kwa utulivu, kama mtu anayesimulia jambo lililompata jirani. Toleo hilo likapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Hebu tulitazame jambo hili bila haraka. Mtu huyu anamwomba mwanamke amkubali. Lakini mwanamke huyo alikwisha kumkubali, wakaishi, wakaachana. Ombi halina tena mwombwaji. Kama wimbo ungekuwa barua, tungesema mtu huyu amerukwa na akili au anatudanganya. Hata hivyo sijakutana na msikilizaji aliyejiona amedanganywa. Nadhani sababu ni kwamba ile taratibu yenyewe ni ungamo. Ile sauti ya chini inatuambia: hivi ndivyo nilivyolia wakati ule. Kilio kimegeuka kuwa habari ya kilio, na habari ya kilio inaweza kuwa ya kweli hata kama machozi yalikauka zamani. Kwa hiyo mwimbaji yuko huru kwa upande wake. Ninayemfikiria ni yule aliyelilwa. Yeye amekuwa wimbo mara mbili, mara ya kwanza akitakiwa na mara ya pili akikumbukwa, na habari yake inaendelea kuuzwa sokoni awe ameridhia au hakuridhia. Kwake gitaa kavu halikubadili kitu.

Huko Ulaya na Marekani huzungumza kana kwamba kuondoa umeme ni kumvua mtu nguo za kukodi ili tumwone alivyo. Mimi siliamini sana jambo hilo. Kwetu gitaa kavu ndilo lililotangulia. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alipiga gitaa kavu na kuimba kwa Kiswahili, na Hugh Tracey alipomrekodi kule Jadotville mwaka 1952 hapakuwa na umeme wa kuuondoa katika muziki wake. Wanaume wa nyanda hizi za juu waliokwenda kutafuta kazi, wengine kwenye mkonge wa Tanga, wengine kwenye migodi ya kusini, walilijua gitaa la namna hiyo. Umeme ulipokuja, bendi zetu ziliushangilia, na zilikuwa na haki. Aliyesikia tarumbeta za NUTA Jazz akaniambia kwamba wimbo halisi umejificha chini yake, namwuliza kama na ugali halisi ni mahindi mabichi. Tarumbeta zile hazikuwa nguo. Zilikuwa mwili.

Hata hivyo gitaa kavu lina tabia moja ambayo ina uzito katika swali letu: linayafikisha maneno. Hili nililiona hapa hapa Njombe, mtaani kwetu Mjimwema. (Mgeni akitaka kufika asisahau kutaja mji, maana Makambako nako kuna Mjimwema, na wako waliokwisha kushushwa usiku kwenye mji mwema usio wao.) Tuna mzee mmoja ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa mwimbaji wa bendi ya jazi ya mji fulani wa kusini. Jina lake nitaliacha, na la bendi pia. Walikuwa na wimbo mmoja uliopendwa sana, wa kumcheka msichana aliyekimbia kijijini, akafuata wenye mishahara mjini, akarudi hana kitu. Nyimbo za jinsi hiyo zilikuwa nyingi wakati ule. Bendi isiyokuwa na wimbo wa kumwonya msichana ilionekana haijakamilika. Ubeti wa tatu ulikuwa mkali. Ulimtaja yule dada kwa namna ambayo watu wa mji ule walimfahamu.

Miaka ikapita. Mjukuu wa mzee, anayejua gitaa, akapanga na wenzake kuufufua wimbo ule kwa ajili ya harusi ya dada yake: magitaa mawili makavu, kayamba, sauti za wasichana watatu, na babu mwenyewe katikati. Siku ya mazoezi walianza kuupiga polepole kama wanavyofanya wa redioni. Mzee akawasimamisha. Mimi nilikuwapo, nimekaa karibu na jiko la mkaa kwa kuwa ilikuwa Julai, na baridi ya Njombe ya Julai haina mzaha. Akaniambia, "Mwalimu, wakati ule watu walikuwa wanacheza. Nani alikuwa anasikiliza? Sasa wamekaa kwenye viti. Kila neno linafika."

Sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo kuhusu jambo hili. Katika ukumbi wa dansi tusi lilipita limebebwa na ngoma, na kila mtu alikuwa na kisingizio cha miguu yake. Ondoa ngoma, lete utulivu, na tusi linabaki peke yake limesimama mlangoni. Wanaofufua nyimbo zao hudhani wanazilainisha. Zipo zinazolainika. Nyingine zinafunuliwa.

Tulibishana. Mimi nilisema ubeti uondolewe. Mtu hana deni la kuendelea kumtukana mtu kwa sababu tu alimtukana zamani kwa sauti nzuri. Mkwewe, mtu msomi, alipinga. Alisema ukianza kukata nyimbo za zamani utaishia kuwa na zamani isiyokuwapo, na vijana wataamini kwamba babu zao walikuwa watakatifu. Hoja yake ina nguvu, nami sijaipuuza hadi leo. Lakini naona inafaa kwa kanda iliyohifadhiwa kuliko kwa kinywa cha mtu aliye hai. Zile kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam ziachwe kama zilivyo, na ubeti wa tatu ndani yake. Hizo ni ushahidi. Mzee akiimba leo kwenye harusi, yeye si kabati la kumbukumbu. Ni mzee anayesema jambo mbele ya wajukuu zake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mzee alilitaja na sisi wenye hoja hatukuwa tumelifikiria. Ubeti ule hakuutunga yeye. Uliungwa na mpiga besi, naye alikwisha kufariki. "Nikiutoa namtoa na yeye," alisema. Bendi zetu nyingi zilikuwa mali ya mashirika, jumuiya na halmashauri, vyombo vyao na majina yao. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 ndani ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina nayo ikabadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Mwanamuziki alihama, nyimbo zikabaki. Muhidin Gurumo aliimba huko, akaondoka mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, akahama tena mwaka 1985, na kila alikohama aliacha wengine wakiimba alichokuwa akiimba yeye. Kwa hiyo msanii wa Kitanzania akisema "wimbo wangu" lazima umwulize maana yake. Mara nyingi ni wimbo wa watu saba, na watano wako makaburini.

Hapo ndipo linapoingia suala la wageni waalikwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika muziki usemi huo una ukweli wa wazi. Fundi Konde wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924 na kuvuma katika miaka ya 1940 na 1950, aliimba upya nyimbo zake za zamani uzeeni akishirikiana na vijana wa Them Mushrooms, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa sahani za santuri wakamjua akiwa bado hai, kabla hajafariki mwaka 2000. Bi Kidude wa Unguja, ambaye maisha yake yote aliziimba nyimbo za Siti binti Saad kwa namna yake, aliimba pia na vijana wa Offside Trick, na sikuona kwamba walimpunguzia heshima. Yeye ndiye aliyeonekana kuwa amewaalika.

Mahali pengine sina hakika nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji kutoka Kagera, alitikisa nchi kwa "Maria Salome". Baadaye akawa hasikiki. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akiwa na Rayvanny akatoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida, ukaenea mbali kuliko ule wa kwanza ulivyopata kuenea. Watu wakaanza kumwulizia Saida, na mwaka 2017 akarudi na wimbo mpya. Je, alisaidiwa au alitumiwa? Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya, kwa kuwa mtu anaweza kusaidiwa na kutumiwa kwa tendo moja, kama anayepewa lifti na lori lililopakia mahindi yake. Nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na sheria inaweza kupima fedha. Haipimi lile jingine: mtu kusikia kilichokuwa chake kikishangiliwa akiwa amekaa nyumbani. Ninachoweza kusema ni kwamba aombwe kwanza, tena aombwe kwa namna ambayo anaweza kukataa.

Maana kukataa nako ni haki. Remmy Ongala, aliyefariki Desemba 2010, katika miaka yake ya mwisho aliacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za dini. Wapenzi wake wengi walisikitika, na wako walioona kwamba amewanyang'anya kitu. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Mapenzi ya msikilizaji kwa wimbo ni makubwa na ya kweli, ila hayampi hati ya kummiliki aliyeuimba.

Nirudi kwa mzee wetu. Siku ya harusi aliimba beti mbili za kwanza kwa ile sauti yake iliyokwaruzwa na umri, wasichana wakimwitikia, na mtu yeyote mwenye moyo angekiri kwamba ulikuwa wimbo mzuri kuliko nilivyoujua. Ulipofika ubeti wa tatu akafunga mdomo. Hakuwa ametueleza atafanya nini. Magitaa yakaendelea na mwendo wa ubeti mzima bila maneno. Kisha, kutoka kwenye viti vya nyuma walikokaa watu wa rika lake, maneno yakaanza kuimbwa. Wazee watatu wanne, halafu na akina mama, wanacheka, wanakumbuka ujana wao, hawana nia mbaya na mtu yeyote. Waliumaliza ubeti wote, na yule dada wa zamani akatajwa tena kwa sifa zake zote mbele ya watoto. Mzee alikuwa ameshika kiti kwa mkono mmoja, anatazama chini.

Wiki iliyofuata tulikutana njiani. Baada ya kuamkiana, kamwene na majibu yake, alisema bila kuulizwa, "Mimi nilinyamaza, Mwalimu. Wao hawakunyamaza." Mjukuu wake anataka wakiupiga tena waruke kabisa kutoka ubeti wa pili hadi wa nne, ili pasiwepo nafasi ya mtu kuingiza maneno. Mkwewe bado anasema uimbwe wote. Mzee amewaambia nafasi ile ibaki kama ilivyo, wazi, na magitaa yaipige yote mpaka mwisho, hata kama wenye kuimba wataimba.